Sauti Ndogo Isikike na Wote: Kuunganisha Simu au Redio ya Kadi na Ampli

Somo kwa viongozi wa vikundi vya kusikiliza

Leo twaacha kidogo mafundisho ya kawaida, tupate kusema juu ya waya, fishi na ampli. Msishangae. Neno jema lisiposikika, aliyelisema amejichosha bure, na aliyekuja kulisikiliza amerudi nyumbani mikono mitupu.

Ninyi wenyewe mwajua mambo yalivyo. Kiongozi anakuja na masomo katika simu yake, au katika redio ndogo yenye kadi. Anaiweka juu ya meza, labda ndani ya sufuria tupu ili sauti izidi kidogo. Watu sitini wamekaa. Wale wa mbele wanasikia. Wa katikati wanasikia neno moja na kupoteza mawili. Wazee walio nyuma, ambao masikio yao yamechoka, wanatazama tu midomo ya wenzao. Kumbe pembeni, chini ya kitambaa, ampli ya kikundi imelala pamoja na vipaza sauti vyake viwili, vile tunavyoviita bafle. Mbona haitumiki? Kwa sababu hakuna ajuaye waya gani waingia wapi, na kila mtu aogopa kuiunguza. Hofu hiyo ina sababu, maana mali ya kikundi imenunuliwa kwa mihogo na samaki wa watu wengi. Lakini hofu hutoka mtu akifahamu. Basi tufahamu.

1. KILA CHOMBO KINA KAZI YAKE

Simu, redio ya kadi, au chombo chochote cha muziki cha mkononi, kinajua kusoma. Kinasoma sauti iliyoandikwa katika kadi na kuigeuza kuwa umeme mdogo unaotikisika kama sauti yenyewe. Umeme huo ni mdogo sana. Katika tundu la visikilizio, yaani vile vinavyowekwa masikioni, hata ukipandisha sauti hadi mwisho, mara nyingi ni kiasi cha nusu volti hadi volti moja. Huo watosha kutikisa kigozi kidogo kilicho karibu na sikio. Hauwezi kutikisa kipaza sauti kikubwa kama sinia.

Ampli haijui kusoma kadi. Kazi yake ni kupokea ule umeme mdogo na kutoa umeme mkubwa wenye mtikisiko uleule. Kwa mfano, ampli inayotoa wati 20 katika kipaza sauti cha omu 8 inatoa karibu volti 12.6. Mnaona tofauti: volti moja yaingia, volti zaidi ya kumi na mbili zatoka. Nguvu hiyo ya ziada haitoki katika simu. Yatoka katika betri au katika umeme wa nyumba, na ampli inaipima tu kwa kufuata mfano iliopewa na simu.

Shikeni jambo hili, kwa maana maonyo mengine yote yatoka humo: chombo kidogo huleta maneno, chombo kikubwa huleta nguvu. Usikilazimishe kidogo kufanya kazi ya kikubwa. Wala usiurudishe umeme wa kikubwa ndani ya kidogo.

2. SI JAMBO JIPYA

Wengine hudhani kuunganisha vyombo ni ufundi wa vijana wa siku hizi. Sivyo. Fishi ile ndogo ya duara, yenye mwiba katikati na kikombe pembeni, ambayo kwa kawaida huwa nyekundu na nyeupe, jina lake ni RCA, kwa kuwa ilitoka katika kampuni ya Marekani iliyoitwa Radio Corporation of America. Ilibuniwa ili watu waunganishe kinanda cha sahani na redio ya nyumbani, sahani isikike katika kipaza sauti cha redio. Ndiyo kazi ileile tunayoitaka sisi leo.

Baadaye vyombo vilizidi kuwa vidogo. Mwaka 1954 redio ndogo ya transista, Regency TR-1, iliuzwa Marekani. Mtu aliweza kuitia mfukoni. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilionyesha kaseti ndogo, ambayo wazee wetu wengi waliifahamu vizuri. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, mtu akatembea na kaseti yake masikioni. Mwaka 2001 ikaja iPod ya kampuni ya Apple, isiyo na kaseti wala sahani. Leo simu inafanya kazi hizo zote. Vyombo vimebadilika mara nyingi, lakini njia ya kutoka chombo kidogo hadi ampli ni ileile: waya mmoja, fishi ya kufaa kila upande, na tundu la haki.

3. WAYA NA FISHI

Waya unaohitajika una fishi ya milimita 3.5 upande mmoja, nayo huingia katika tundu la visikilizio la simu. Upande wa pili una fishi mbili za RCA, moja nyekundu na moja nyeupe. Ikiwa ampli yenu ina tundu dogo la milimita 3.5, tumieni waya wenye fishi ndogo pande zote mbili.

Itazameni ile fishi ndogo kwa uangalifu. Imegawanywa kwa pete nyeusi au nyeupe. Fishi ya kawaida ya muziki ina sehemu 3 za chuma. Ncha yake ni sauti ya kushoto. Sehemu ya kati ni sauti ya kuume. Shina lake ndilo njia ya kurudia umeme, nayo ni ya pande zote mbili. Umeme hauendi tu. Lazima urudi, kama mtu aliyevuka mto anavyotaka mtumbwi wa kurudia. Shina lisiposhika vizuri, sauti yote yaharibika, kama tutakavyoona.

Fishi ya visikilizio vya simu mara nyingi ina sehemu 4, kwa sababu imeongezewa njia ya mikrofoni ya kusemea. Kwa kazi yetu hatuhitaji hiyo. Fishi ya sehemu 3 yatosha, na simu huipokea bila shida.

Sokoni mtaona pia waya wenye mikia 3: manjano, nyekundu na nyeupe. Huo ni waya wa picha na sauti, uliotengenezwa kwa kamera na televisheni. Sehemu za fishi yake huenda zisipatane na za simu. Msiuchukue kwa sababu ya bei yake ndogo.

Rangi nazo zina maana. Nyekundu ni kuume. Nyeupe, au pengine nyeusi, ni kushoto.

4. MILANGO YA AMPLI

Geuzeni ampli mtazame mgongo wake. Matundu yako mengi, na maandishi yake ni ya kigeni. Kila tundu ni mlango wa mgeni wake.

AUX, LINE IN, TAPE IN au CD: hii ndiyo milango ya simu na redio ya kadi. Imetengenezwa kupokea umeme wa kiasi hicho. Ukiona mojawapo ya majina hayo, umefika.

PHONO: huu ni mlango wa kinanda cha sahani chenye sindano ya sumaku. Umeme wa sindano hiyo ni mdogo mno, kama milivolti 5, yaani sehemu 5 za volti iliyogawanywa mara 1,000. Kwa hiyo mlango wa PHONO huzidisha umeme karibu mara 100 kabla ya kuupeleka mbele, tena huongeza sauti nzito na kupunguza nyembamba, kwa kuwa sahani ziliandikwa kinyume cha hivyo. Ukiitia simu hapo, sauti yatoka kama ngurumo iliyopasuka, maneno hayafahamiki, na vipaza sauti vyaweza kuumia.

MIC: huu ni mlango wa mikrofoni, nayo pia hutoa milivolti chache. Shida ni ileile, sauti hupasuka. Kama ampli yenu haina mlango mwingine, shusheni sauti ya simu chini kabisa, mwanze polepole.

SPEAKER au OUTPUT: jihadharini sana. Hapa umeme hautafuti kuingia, wataka kutoka. Ni zile volti nyingi tulizozitaja. Mtu akiunganisha tundu hili na simu, aingiza mkondo wa mto katika kikombe cha chai. Simu itakufa, na huenda ampli ikafa pamoja nayo.

LINE OUT au TAPE OUT: hapa hutoka umeme mdogo kwa ajili ya kunakili. Ukiichomeka simu hapo haitasikika kamwe, hata ukisubiri mpaka jioni.

Ampli nyingine za zamani zilizotoka Ulaya zina tundu la duara lenye vitundu 5. Zinahitaji waya wenye fishi ya namna hiyo upande mmoja. Msichokoe vitundu kwa nyaya zilizovuliwa ngozi.

Mkiisha kuunganisha, tazameni na uso wa ampli. Kuna kifundo cha kuchagua mlango. Kama waya uko AUX na kifundo kiko TUNER, ampli inasikiliza redio yake, haina habari nanyi.

5. KOSA LANGU MWENYEWE

Kabla ya kuendelea, niwaambie kosa nililolifanya, ili lisiwe lenu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na masomo yaliyoandikwa kwa chombo chenye mikrofoni mbili. Mwalimu aliuliza mbele ya mikrofoni moja, watoto wa darasa wakajibu mbele ya nyingine. Masomo hayo yalinakiliwa katika kadi, nami nikaombwa kuyasikilizisha jioni moja mbele ya wazazi. Ampli niliyopewa ilikuwa na tundu moja tu la kuingizia. Waya wangu ulikuwa na fishi mbili. Nikachomeka nyeupe, nikaiacha nyekundu ikining'inia. Nilijisemea: sauti ni sauti, nusu yatosha.

Mwalimu akasikika vizuri sana. Akauliza ulizo la kwanza, kisha kimya. Akauliza la pili, kisha kimya. Watu wakatazamana. Baadaye mzee mmoja akajibu mwenyewe kwa sauti, na wengine wakamfuata. Ulizo kwa ulizo, nyumba nzima ikajibu. Nilifurahi, nikadhani mwalimu aliacha nafasi hizo kwa makusudi, watu wapate kujibu.

Juma lililofuata nilisikiliza peke yangu kwa visikilizio. Katika sikio la kushoto alikuwapo mwalimu. Katika sikio la kuume walikuwapo watoto, mmoja mmoja, kila mmoja na jibu lake. Nikaitambua sauti ya kijana mmoja mdogo tuliyemzika mwaka uliotangulia. Mama yake alikuwa amekaa jioni ile katika mstari wa tatu. Sauti ya mtoto wake ilikuwa ndani ya ile fishi nyekundu niliyoiacha ikining'inia.

Nilikwenda kwake nikamweleza. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ingali mo?" Nikamjibu, "Ingali mo, mama." Jumapili iliyofuata tulisikiliza tena, nyaya zote mbili zikiwa zimeunganishwa. Fungu lile aliomba lirudiwe mara mbili.

Tangu siku ile siachi fishi ikining'inia.

6. SAUTI YA PANDE MBILI, NA AMPLI YA NJIA MOJA

Hiyo ndiyo maana ya stereo. Mwingereza Alan Blumlein aliieleza kazi hiyo katika maandishi ya mwaka 1931: sauti mbili zilizo tofauti kidogo, moja ya kushoto na moja ya kuume, ili msikilizaji ajue nani yuko wapi, kama masikio yetu mawili yanavyotujulisha upande atokako mtu. Katika muziki mwingi mwimbaji amewekwa katikati, yaani yumo pande zote mbili sawasawa. Ngoma na gitaa zimegawanywa. Katika mazungumzo, pengine msemaji mmoja yuko upande huu tu, na mwenzake upande ule tu.

Ampli yenye njia mbili haina taabu: nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu. Vipaza sauti viwili visiwekwe mbalimbali kupita kiasi, kimoja mlangoni na kimoja madhabahuni, la sivyo walio huku watamsikia mwuliza tu, na walio kule watamsikia mjibu tu.

Ampli ya njia moja yahitaji sauti mbili zichanganywe kabla ya kuingia. Simu nyingi zina msaada wao wenyewe: fungueni mipangilio, mtafute mahali pa masikio au usaidizi, mwashe "sauti ya mono". Hapo simu yenyewe huchanganya kushoto na kuume, na fishi moja yatosha. Kama simu haina jambo hilo, fundi wa redio atatengeneza waya wa kuchanganyia: kila upande upite kwanza katika rezistansi ya omu 1,000, ndipo nyaya mbili zikutane. Msizisokote nyaya mbili uchi bila rezistansi. Upande mmoja wa simu utasukumana na mwingine kama ng'ombe wawili waliofungwa kamba moja, na simu yaweza kuchoka kabla ya wakati wake.

7. UTARATIBU WA KUUNGANISHA

Fuateni hatua hizi kwa mpango, msiruke hata moja.

Kwanza, sikilizeni somo kwa visikilizio, sikio la kushoto na la kuume, mjue yaliyomo.

Pili, zimeni ampli. Rudisheni kifundo cha sauti mpaka chini.

Tatu, hakikisheni vipaza sauti vimeungwa na ampli, chekundu kwa chekundu na cheusi kwa cheusi, na kwamba hakuna uzi mmoja wa waya unaogusa mwenzake. Nyuzi mbili zikigusana ampli yaweza kuungua.

Nne, chomekeni fishi za RCA katika AUX au LINE IN, kisha fishi ndogo katika simu. Isukumeni mpaka msikie inakaa. Kama simu ina kifuniko kinene cha plastiki, kivueni, maana mara nyingi huizuia fishi kuingia hadi mwisho.

Tano, washeni ampli na kuchagua mlango wake.

Sita, chezesheni somo. Pandisheni sauti ya simu kadiri ya robo tatu. Ikiwa chini mno, ampli italazimika kuzidisha pamoja na mvumo wake, nanyi mtasikia sauti kama ya mvua. Ikiwa juu kabisa, simu nyingine hupasua sauti.

Saba, pandisheni sauti ya ampli polepole, mtu mmoja akiwa amekaa nyuma kabisa. Akiinua mkono, simameni hapo. Mpimaji wenu awe yule wa nyuma, asiwe wa mbele.

Mkimaliza, fuateni njia ya kurudi: shusheni sauti ya ampli, zimeni ampli, ndipo mchomoe. Kuchomoa fishi wakati ampli inanguruma hutoa kishindo, na kishindo kikubwa hupasua kipaza sauti.

8. MAGONJWA NA DAWA ZAKE

Hakuna sauti kabisa. Tazameni kifundo cha kuchagua mlango, kisha sauti ya simu, kisha fishi. Jaribuni visikilizio katika simu. Vikisikika, simu ni nzima; ugonjwa uko katika waya au katika ampli.

Upande mmoja umekufa. Badilisheni fishi nyekundu na nyeupe upande wa ampli. Kama ukimya umehama upande, ugonjwa uko katika waya au simu. Kama umebaki palepale, uko katika ampli au kipaza sauti. Hivyo mwautafuta ugonjwa bila kufungua chombo.

Msemaji yuko mbali kama aliye ndani ya mtungi, lakini vinanda vya pembeni vyasikika. Hapo shina la fishi halishiki. Njia ya kurudia ikikatika, kushoto na kuume hupunguzana, na kila kilicho sawa pande zote mbili hutoweka. Kwa kuwa mwimbaji yuko katikati, yeye ndiye anayepotea. Sukumeni fishi vizuri, au mbadilishe waya.

Mvumo mzito usiokoma. Chomoeni chaja ya simu. Mara nyingi simu inayopata moto kutoka mahali pamoja na ampli huleta mvumo huo, hasa ikiwa umeme watoka katika inverta ya bei ndogo. Jazeni simu mapema, na wakati wa somo itumie betri yake.

Mlio wa tik-tik-tik, kisha simu inaita mbele ya watu wote. Simu imepokea mawasiliano. Kabla ya somo, zimeni mtandao kwa hali ya ndegeni.

Sauti hudhoofika kadiri waya unavyokuwa mrefu. Simu ikae karibu na ampli, kwa waya wa mita moja au mbili. Ukitaka urefu, urefushe waya wa vipaza sauti, nao uwe mnene.

9. PASIPO WAYA, NA SIMU ISIYO NA TUNDU

Ampli nyingi za siku hizi zina Bluetooth, jina lililochukuliwa kwa mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, aliyeitwa Jino la Buluu. Hapo simu hupeleka sauti kwa mawimbi ya redio, yapata mita 10, na pande zote mbili hufika bila fishi. Ampli ya zamani yaweza kupata kipokezi kidogo cha Bluetooth, ambacho huchomekwa katika AUX. Lakini kumbukeni kwamba kipokezi hicho nacho chataka kujazwa umeme, na kwamba simu ya kijana aliye nje yaweza kukishika kabla yenu. Waya hauna mambo hayo.

Tangu mwaka 2016, iPhone 7 ilipotoka bila tundu la visikilizio, simu nyingi zimeliondoa. Kwa simu hizo kuna kiungo kifupi, kinachoingia katika tundu la kujazia umeme na kutoa tundu la milimita 3.5. Kinunuliwe kile kinachopatana na simu yenu, nacho kijaribiwe hapohapo dukani.

Neno moja zaidi kwa wanaosikiliza redio kwa simu, kama vile Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002 na ambayo husema Kiswahili pamoja na lugha nyingine. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa visikilizio kuwa antena. Ukichomeka waya wa ampli mahali pake, waya huo ndio unakuwa antena. Basi usiukunje kama kamba. Unyoosheni, msogee karibu na dirisha, redio itashika vizuri zaidi.

10. UMEME WA BETRI

Vijijini kwetu ampli nyingi hula betri inayojazwa kwa jua. Hesabu yake ni nyepesi: wati gawanya kwa volti. Ampli inayokula wati 60 kwa betri ya volti 12 hutumia ampea 5. Betri ya ampea-saa 100 isiyoshushwa chini ya nusu ina ampea-saa 50 za kutumia, yaani saa 10. Betri ikizeeka, saa hizo hupungua. Chekundu kiende kwenye alama ya kujumlisha, cheusi kwenye alama ya kutoa. Ukikosea mara moja tu, ampli yaweza kufa. Fyuzi iwe karibu na betri, wala isibadilishwe kwa kipande cha waya. Mvua ya radi ikitisha, chomoeni nyaya zote, antena nayo.

MAULIZO NA MAJIBU

Ulizo: Chombo kidogo huleta nini, na chombo kikubwa huleta nini?
Jibu: Chombo kidogo huleta maneno, chombo kikubwa huleta nguvu.

Ulizo: Simu huingia mlango gani wa ampli?
Jibu: AUX, LINE IN, TAPE IN au CD.

Ulizo: Mbona isiingie PHONO?
Jibu: Kwa sababu mlango huo huzidisha umeme karibu mara 100, sauti ikapasuka.

Ulizo: Fishi ya sehemu 3 ina sehemu gani?
Jibu: Ncha ni kushoto, kati ni kuume, shina ni njia ya kurudia.

Ulizo: Ampli ikiwa na tundu moja, je, yafaa kuacha fishi moja ikining'inia?
Jibu: Haifai kamwe, maana huenda nusu ya wasemaji wamo ndani yake.

Ulizo: Nani hupima kama sauti yatosha?
Jibu: Aliyekaa nyuma kabisa.

KAZI YA JUMA HILI

Kiongozi aiondoe ampli chini ya kitambaa, aifute vumbi, asome maandishi ya mgongo wake, na kuyaandika katika daftari la kikundi. Achague vijana wawili, msichana na mvulana, awafundishe hatua zile saba, kisha awaache waunganishe wenyewe huku yeye akitazama bila kugusa. Na kabla ya watu kuja, mmoja wao asikilize somo lote kwa masikio mawili.

Kwaherini, wapenzi, mpaka somo lijalo.